KITI CHA MAGURUDUMU: CHAGUA GURUDUMU LINALOFAA NJIA ZETU



Kila msimu wa mvua swali ni lile lile katika kitengo cha mazoezi ya viungo: "Mlitupatia kiti cha magurudumu, mbona mgonjwa wetu bado amekaa ndani?" Mara nyingi kiti chenyewe hakijavunjika. Kitambaa ni kizima, breki zinashika, na mwenye kiti anatamani kutoka. Kinachomkwamisha ni magurudumu. Kiti kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu laini ya hospitali, kikaletwa kwenye udongo mwekundu, mawe, mifereji na miteremko. Mtu asiyeweza kufika bombani, kwenye mgao wa chakula, shuleni au kwenye ibada kwa sababu ya gurudumu dogo amefungwa kifungo bila kosa.

Makala hii ni yako wewe mwenye ulemavu wa miguu, na wewe mama wa mtoto asiyetembea, na wewe kijana unayemsukuma babu yako. Isome kabla hujaenda kupimwa. Fundi ataleta futi na vipimo vyake, lakini yeye halali nyumbani kwako wala hapiti njia yako ya kwenda chooni. Mambo hayo unayajua wewe, na usipoyasema utapewa kiti cha yeyote yule.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya viti vya magurudumu kwa nchi zenye uwezo mdogo mwaka 2008, na mwongozo mwingine mwaka 2023. Ule wa 2008 unasema wazi kwamba kiti kinachofaa ni kile kinacholingana na mahitaji ya mtumiaji na mazingira anamoishi, kinachomkaa vizuri, kilicho salama na imara, na kinachoweza kutengenezwa hapo hapo nchini. Basi ukimwuliza fundi habari za njia na magurudumu usione haya. Hiyo si kuchagua kama mtu aliye dukani. Ni haki yako ya kuuliza.

GURUDUMU DOGO LA MBELE NDILO LINALOANGUSHA WATU

Watu wengi wakiona kiti hutazama magurudumu makubwa ya nyuma. Sisi tunakuomba utazame kwanza yale madogo ya mbele, kwa kuwa ndiyo yanayokutana na jiwe kabla ya kitu kingine chochote.

Viti vingi vya hospitali vina magurudumu ya mbele ya inchi 5 hadi 8, membamba na magumu. Sasa fikiri jiwe la kimo cha sentimita 3, jiwe la kawaida kabisa katika njia zetu. Gurudumu la inchi 5 likiligonga, nguvu inayohitajika kulivuka kwa kusukuma mbele ni zaidi ya mara moja na nusu ya uzito uliokaa juu ya gurudumu lile. Gurudumu la inchi 8 linahitaji nguvu iliyo sawa na uzito huo. La inchi 12 linahitaji robo tatu tu. Yaani jiwe ni lile lile, mtu ni yule yule, lakini aliye na gurudumu la inchi 5 anapambana zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa inchi 12. Na jiwe likifikia kimo cha nusu ya gurudumu, hata umsukume vipi halipandi. Litasimama kama limegonga ukuta.

Hapo ndipo ajali inapotokea. Kiti kinasimama ghafla, mwili unaendelea mbele, mtu anaanguka kifudifudi. Kwa mtu aliyepooza miguu anguko hilo ni hatari kuliko kwa mwingine, kwa sababu mifupa ya miguu isiyobeba uzito hudhoofika miaka inavyokwenda, na huvunjika kwa pigo dogo. Tena huenda asisikie maumivu. Kwa hiyo mtu wa namna hii akianguka, mlete kituo cha afya hata kama anasema haumii. Mguu uliovimba au wenye joto baada ya anguko usiukande.

Kwa njia za kambi, usikubali gurudumu la mbele chini ya inchi 8 kama lipo jingine, na tazama upana wake pia. Jembamba kama kidole litakata mchanga kama kisu na kuzama. Pana, lenye mpira mnene na ukingo wa mviringo, litaelea juu. Kuna gurudumu pana la mpira linaloitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa kuwa lilianzia kwa mafundi wa nchi hiyo. Kikundi cha Whirlwind cha Marekani kililichukua kwa viti vyake vya njia mbaya. Mwanzilishi wa kikundi hicho, Ralf Hotchkiss, mwenyewe anatumia kiti tangu alipoumia katika ajali ya pikipiki mwaka 1966. Hakuwa na haja ya kuambiwa na mtu kwamba mawe yapo.

GURUDUMU KUBWA LA NYUMA: KUBWA KIASI GANI?

Hapa wengi husema: basi tuweke kubwa kabisa. Ngoja kwanza.

Magurudumu ya nyuma ya viti vingi ni ya inchi 24. Ya inchi 26 yapo pia, na katika njia mbaya yana faida: yanapita shimo dogo bila kuzama ndani yake, na yanavuka jiwe kwa urahisi zaidi. Tofauti ya 24 na 26 si kubwa sana lakini mikono inaijua jioni.

Kipimo chake ni mkono wako wewe. Kaa vizuri kitini, mgongo umeegemea, mabega yamelegea. Weka kiganja juu kabisa ya pete ya kusukumia. Kiwiko kikijikunja karibu pembe ya mraba, au kikifunguka zaidi ya hapo kidogo, gurudumu linakufaa. Ukiona mabega yamepanda kuelekea masikioni, gurudumu ni kubwa mno kwako, na utaharibu mabega. Mtu asiyetembea akiharibu mabega amepoteza miguu mara ya pili. Ukiona mkono umenyooka ndipo unafika kwenye pete, gurudumu ni dogo au umekaa juu mno. Watoto na kina mama wafupi ndio wanaoonewa zaidi hapa, kwa kupewa kiti cha mtu mzima mrefu kwa sababu "ndicho kilichobaki".

Jambo la pili ni kuhama. Unatoka kitini kwenda kitandani, kwenye mkeka, chooni. Gurudumu likiwa juu sana kuliko kikalio, linakuwa ukuta wa kuvuka kila mara. Anayejivuta mwenyewe kwa mikono bila msaada huenda akafaidika na inchi 24 kuliko 26, hata kama njia ni mbaya. Hili halina jibu moja. Jaribu vyote viwili ikiwezekana, mbele ya fundi.

Jambo la tatu wengi hawalijui: mahali ilipofungwa ekseli ya nyuma. Ikifungwa mbele kidogo, kiti kinakuwa chepesi kusukuma na magurudumu madogo hayabebi uzito mwingi, lakini ni rahisi kupinduka chali, hasa ukipanda mlima. Ikifungwa nyuma, kiti kinatulia, ila kinakuwa kizito na pua yake inachimba udongo. Mtu aliyekatwa miguu yote miwili hana uzito wa mbele wa kusawazisha, kwa hiyo ekseli yake lazima iende nyuma. Ndugu, kama wewe ni mmoja wao na umepewa kiti cha kawaida, usipande mteremko wowote kabla fundi hajakiangalia.

UPANA: MCHANGA UNATAKA HIVI, TOPE LINATAKA VILE

Vijana wametuuliza mara nyingi kwa nini gari la wagonjwa lina tairi nyembamba na ndefu, wakati magari ya watu wenye fedha yana tairi nene za kupendeza. Swali hili ni zuri na jibu lake linasaidia hata kwenye kiti.

Magari mengi ya mashirika, yale Land Cruiser magumu, huvaa tairi iitwayo 7.50 R16, yaani upana wa inchi 7 na nusu juu ya rimu ya inchi 16. Ni tairi ndefu, hivyo tumbo la gari linakaa juu ya mawe. Ni nyembamba, hivyo kwenye tope la juu juu inakata na kufika kwenye udongo mgumu ulio chini, ikashika. Tairi pana kwenye tope la namna hiyo huteleza kama mtu aliyevaa malapa. Lakini kwenye mchanga mkavu ulio mwingi mambo yanageuka: mchanga hauna sakafu chini yake, kwa hiyo unataka upana ili uzito usambae. Dereva mjuzi akifika mchangani hupunguza upepo, tairi inatandazika, gari linaelea. Akitoka hapo hujaza tena, maana tairi yenye upepo kidogo ikienda mbio inapata moto na kupasuka. Tena ukubwa wa tairi ya gari haubadilishwi kwa kupenda tu. Ukiongeza, inaweza kugusa bodi unapokata kona, mwendo unaoonyeshwa na saa ya gari unakuwa wa uongo, na breki zinapata kazi zaidi.

Kiti chako hakina injini. Mikono yako haina nguvu ya kuchimba tope hadi chini, kwa hiyo kwa kiti sisi tunapendelea upana wa wastani: tairi ya baiskeli ya milimani ya inchi 1.75 hadi 1.95 kwa nyuma, yenye meno kiasi, na gurudumu pana mbele. Tairi nyembamba ya inchi 1 na 3/8 ni nzuri kwa barabara iliyoshindiliwa. Iweke ikiwa unakaa karibu na barabara kuu na huendi mbali nayo.

Waliotoka Goma watasema: chukudu ina gurudumu dogo la mti lililovikwa mpira wa tairi kuukuu, na inashuka milima na magunia. Kweli. Lakini mwenye chukudu ana miguu miwili, anashuka, ananyanyua, anasukuma kwa bega. Mwenye kiti hawezi kushuka.

KITI CHA MAGURUDUMU MATATU

Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991 na vijana watatu, mmoja wao mwenyewe mtumiaji wa kiti, linajulikana kwa kiti cha magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma na moja mbele, lililosogezwa mbali na miguu. Umbali huo ndio siri yake. Gurudumu la mbele likiwa mbali, kiti hakipinduki kifudifudi kirahisi, na uzito mwingi unakaa juu ya magurudumu makubwa. Gurudumu moja pia linatafuta njia kati ya mawe mahali ambapo mawili yangegonga. Katika njia zetu, hiki ndicho kiti tunachokipenda kuliko vingine vyote.

Ubaya wake ni urefu. Kinataka nafasi ya kugeuka. Nyumba zetu ni ndogo na milango ni myembamba. Kabla ya kuja kupimwa, chukua kamba na upime mambo haya: upana wa mlango wa nyumba kwa ndani ya fremu, upana wa mlango wa choo, na nafasi iliyopo kati ya kitanda na ukuta. Funga fundo kwenye kila kipimo na uje na kamba hiyo. Usikadirie kwa macho. Ikiwa kiti hakitapita mlangoni, mara nyingi ni rahisi zaidi kupanua mlango wa matofali ya udongo na kuweka kijia cha mteremko kuliko kutafuta kiti kingine. Zungumza na kiongozi wa mtaa wako na majirani. Ni kazi ya siku moja kwa watu watatu.

BAISKELI YA MIKONO

Wengine mnaomba baiskeli ya mikono, ile ya mnyororo inayozungushwa kifuani. Waliopitia Goma wanakumbuka wafanyabiashara wenye ulemavu wakivusha mizigo kwa baiskeli hizo mpakani na Gisenyi, ndugu wakisukuma nyuma. Kwa safari ndefu haina mpinzani. Magurudumu yake ni ya baiskeli, inchi 26 au 28, na kila fundi wa baiskeli, au kinga kama wengi wenu mnavyosema, anayajua.

Lakini haiingii ndani wala chooni, na ile ambayo mnyororo wake unazungusha gurudumu la mbele huteleza ikipanda mlima, kwa kuwa uzito umekaa nyuma. Usiipokee badala ya kiti kama huna namna nyingine ya kutembea nyumbani. Tena anayetetemeka mwili au asiyeweza kukaa bila kushikiliwa haimfai.

SOMA NAMBA YA TAIRI KABLA YA KULIPA

Hapa watu wanapoteza fedha. Umekwenda sokoni, umesema "nipe tairi ya ishirini na sita", umelipa, umerudi, haiingii. Muuzaji si lazima awe mwizi. Kuna tairi za 26 zisizofanana.

Tazama ubavuni mwa tairi, utaona namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 47-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu inapokaa, na hiyo ndiyo isiyodanganya. Tairi ya 26 x 1.75 ina 559. Tairi ya 26 x 1 3/8 ina 590. Tofauti ni sentimita 3, na hakuna nguvu itakayoziba tofauti hiyo. Vivyo hivyo 24 x 1 3/8 ina 540, lakini 24 x 1.75 ina 507. Ile baiskeli kubwa nyeusi ya mizigo huvaa 28 x 1 1/2, yenye 635. Andika namba ya tairi yako kwa kalamu isiyofutika chini ya kikalio, ili hata mtoto akitumwa asikosee.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchagua mapema ukubwa unaopatikana hapa. Gurudumu zuri sana ambalo tairi yake haiuzwi katika soko lolote la karibu litakuwa zuri kwa miezi michache.

MIIBA, UPEPO NA VIDONDA

Je, tairi ya upepo au ngumu isiyotoboka? Ngumu inakuondolea viraka, lakini ni nzito, na kila mtikisiko wa njia unapanda moja kwa moja hadi kwenye makalio na mgongo. Kwa mtu asiye na hisia sehemu ya kukalia tunashauri ya upepo nyuma, hata kama kuna miiba, na ya mpira mnene usiotoboka mbele. Fundi akipanga tairi kuukuu iliyokatwa kati ya tairi na tyubu, miiba mingi haifiki ndani.

Upepo uujaribu kila asubuhi kwa kidole gumba. Tairi ikibonyea zaidi ya nusu sentimita, jaza. Kumbuka kwamba breki za kiti zinabana tairi yenyewe; upepo ukipungua breki haishiki, na kiti kinaweza kuondoka wakati unahamia kitandani.

Gurudumu jema halizuii vidonda vya shinikizo peke yake. Kalia mto uliopewa, si kitambaa kitupu. Jinyanyue kwa mikono au inama mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kila jioni mwombe mtu wa nyumbani atazame ngozi ya makalio, nyonga na visigino, au tumia kioo. Doa jekundu au jeusi kuliko ngozi ya jirani, lisiloondoka baada ya kupumzika, ni mwanzo wa kidonda: usikalie sehemu hiyo, na mwone mhudumu wa afya wa mtaa siku hiyo hiyo.

KWA WANAOSUKUMA

Jiwe au ngazi likiwa mbele, usilazimishe. Kanyaga chuma cha nyuma, inua magurudumu ya mbele, yapitishe, kisha usukume yale makubwa. Mfereji mpana upite kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Mteremko mkali ushuke kinyumenyume pia, wewe ukiwa upande wa chini, ukitazama nyuma. Mwambie aliyekaa unachofanya kabla hujafanya, si gunia. Watoto wasiachiwe kuchezea kiti mlimani.

Siku za kupima viti na matengenezo hutangazwa kwenye ubao wa kituo cha afya na kwa kipaza sauti. Njoo na kiti, kamba yako yenye mafundo, na mtu anayekusukuma, kwa kuwa naye ana mafunzo yake. Kama gurudumu limekufa, lije pia, usilitupe wala kuwapa watoto: spoku zake, beringi na rimu iliyonyooka zitafufua la mwenzako.